Chuma kimepasuka, skroli imekaa vibaya, bawaba inakaza: kutafuta kosa lilikoanzia unapofua vifaa vya mlango

Ukiwa unafua bawaba, komeo, shikio au misumari ya urembo ya mlango, kasoro unayoiona sasa hivi mara nyingi imetokea hatua mbili tatu nyuma. Ufa unajitokeza wakati unakunja lakini ulianza pale ulipokua unachonga ncha, bawaba inakaza siku ya kufunga mlango lakini ilishapinda ulipokua unatoboa matundu. Kwa hiyo kabla hujabadilisha nyundo au hujaanza kulaumu chuma, jiulize kwanza hiki kipande kilikua na rangi gani nilipokipiga mara ya mwisho. Matatizo mengi yanaishia kwenye jibu la hilo swali.

Tukubaliane kuhusu rangi basi, maana ndo kipimo chetu. Chuma laini cha kawaida, kile chenye kaboni kidogo, kinapendeza kufuliwa kikiwa cha njano hadi rangi ya machungwa, yaani kama digrii 1,200 za Selsiasi kushuka hadi 950 hivi. Kikifika wekundu wa kawaida, kwenye 750 hadi 800, bado unaweza kunyoosha na kulainisha uso lakini kazi nzito ya kurefusha na kutoboa acha, rudisha kwenye moto. Kikiwa cheupe na kinarusha vijinyota hapo kinaungua, na chuma kilichoungua hakiponi, unakata hiyo sehemu unatupa. Afu fanya kazi kivulini, hili nalisisitiza sana, kwa sababu juani chuma cha njano kinaonekana chekundu tu, unaendelea kukipasha ukidhani bado na matokeo yake unakiunguza bila kujua.

Chuma kimepasuka

Usikimbilie kukipiga ili ufa ujifunge. Uangalie kwanza umekaaje, maana mwelekeo wake unakuambia sababu.

Ufa ukikata baa kwa upana, hasa upande wa nje wa kona uliyokunja, basi ulikunja chuma kikiwa kimeshapoa. Kuna joto baya zaidi ya yote ambalo watu hawalijui, lile la kati ya digrii 200 na 370 hivi ambapo chuma hakina wekundu wowote na ukikisugua kwa tupa unaona rangi ya bluu inajitokeza. Hapo kinakua kigumu na kinakatika kirahisi kuliko hata kikiwa baridi kabisa. Ukitaka kurekebisha kitu kidogo, ama kipashe tena kiwe chekundu ama kiache kipoe moja kwa moja, katikati hapo usikiguse.

Ufa ukienda kwa urefu wa baa, unafuata mstari, sababu ni mbili. Ya kwanza baa yenyewe ilitoka kiwandani na mshono, hapo huna kosa, badilisha kipande. Ya pili, na hii ndo inatokea sana, ulichukua baa ya duara ukaipunguza unene huku unaizungusha zungusha ikiwa duara hivo hivo. Ukifanya hivo katikati ya baa panafunguka, kwa nje huoni kitu mpaka siku unakunja ncha ndo inachanika vipande viwili. Dawa yake ni kwenda kwa mraba: fanya baa iwe ya pande nne, ipunguze ikiwa ya pande nne mpaka unene unaoutaka, afu vunja kona ziwe pande nane, ndo umalizie na duara. Inaonekana ni kazi ndefu ila ni haraka zaidi na ncha inatoka nzima.

Ncha ikimomonyoka na kuwa na punje punje, imeungua, kata. Ncha nyembamba zinaungua haraka sana kwa sababu zinashika moto kabla ya mwili wa baa, kwa hiyo ukishachonga jani au mkia mwembamba upitishe nje upande wa pili wa moto ili sehemu nene ndo ikae katikati ya moto, au punguza hewa na usiondoe macho.

Sasa kama chuma kinapasuka kila mahali, hata kikiwa na rangi nzuri ya machungwa, nyufa ndogo ndogo pembeni pembeni, hapo shuku vitu viwili. Makaa ya mawe yenye salfa nyingi, au kuna skrubu ya shaba au kipande cha waya wa shaba kimeangukia kwenye moto. Shaba ikiyeyuka inaingia kwenye viungo vya ndani vya chuma na kukitenganisha, unaweza kupiga kwa ustadi wote na bado kinavunjika. Zoa moto wote, safisha tanuri, anza na makaa mapya.

Na kama ni chuma cha kuokota, hujui kilikua nini, pasha kipande kidogo mpaka rangi ya machungwa, kitumbukize kwenye maji, kikipoa kibane kwenye vaisi ukigonge ukiwa umevaa miwani. Kikijikunja ni chuma laini, endelea. Kikikatika kama biskuti kina kaboni nyingi, hicho kiweke kwa ajili ya patasi na panchi (chuma cha kutobolea matundu), kwenye bawaba kitakusumbua na ukikitumbukiza kwenye maji mwisho wa kazi kitapasuka. Nondo ndo za kubahatisha zaidi, moja laini nyingine ngumu na wakati mwingine baa moja hiyo hiyo inabadilika katikati, kwa shikio la mlango sawa lakini kitu cha kubeba uzito wa mlango mimi siwezi kukushauri uitumie.

Ncha imekua na mdomo wa samaki

Hii unaijua, unachonga ncha afu katikati panabaki nyuma na kingo mbili zinatangulia. Maana yake nyundo inasogeza ngozi ya nje tu na moyo wa chuma haujasogea. Ama moto haujaingia ndani, baa ya milimita 16 inaweza kuwa ya njano nje na ndani bado, ipe muda kwenye moto mpole. Ama nyundo ni nyepesi, au unapiga taratibu kwa kuogopa kuharibu. Na sababu kubwa ni kuanzia mbali na ncha. Anza pale mwisho kabisa, inua mkono wa nyuma kidogo, inamisha nyundo, piga ncha fupi nene ya pande nne kwanza, ikishakua kali ndo urudi nyuma kuirefusha.

Mdomo ukishatokea usiupige ufunge. Utaonekana umefunga lakini ndani ni mkunjo, na ukianza kuviringisha skroli (ule urembo wa ncha iliyozungushwa kama konokono) unafunguka mbele ya macho yako. Kata kwa patasi au kwa tupa, unapoteza sentimita moja tu.

Baa ya mraba imekua msambamba (imelala upande)

Umezungusha baa chini ya robo au zaidi ya robo, kidogo tu, na kila pigo likaongeza. Ukiendelea kupiga kwenye bapa ndo unaizidishia. Pasha mpaka njano, simamisha ile kona ndefu iwe juu, gonga kona yenyewe mapigo mepesi mpaka urefu wa kona kwa kona ulingane, afu rudi kwenye bapa. Fanya mapema, ikishalala sana inajikunja juu yake yenyewe na hapo ufa hauko mbali.

Mstari mweusi kwenye bega

Pale unapopunguza unene ghafla, mfano shingo ya jani au mwanzo wa mkia wa shikio, unaona kamstari keusi kembamba kwenye kona ya ndani. Kasikudanganye kwamba ni uchafu, ni chuma kimejikunja na kulaliana bila kuungana. Kanatokana na ukingo mkali wa fuawe, au ulipiga nusu ukasogeza baa kidogo ukapiga tena nje ya alama ya kwanza. Simama hapo hapo, kikwangue kwa tupa mpaka mstari uishe wote, ndo upashe tena. Ukikaacha kanakua ufa na shingo inakatika mlango ukishaanza kutumika, na hiyo ndo sehemu mtu anayoishika kila siku. Ukingo wa fuawe unaotumia kwa mabega usugue uwe na mviringo wa kama milimita 3, uache sehemu nyingine kali kwa kazi nyingine.

Uso una mashimo mashimo na magamba mazito

Magamba ni chuma kilichokutana na hewa kikiwa cha moto, huwezi kuyakwepa kabisa, ila yakiwa mazito sana moto wako una hewa nyingi kuliko makaa. Angalia chuma kimekaa wapi. Kikizamishwa mpaka karibu na tundu la hewa kinapigwa na upepo moja kwa moja, kinatakiwa kiwe katikati, kiwe na makaa ya kutosha chini yake, kama sentimita 10 hivi, na mengine juu ya kukifunika. Punguza blowa. Watu wanaongeza hewa ili chuma kishike haraka, kinashika kweli lakini kinaliwa.

Mashimo yenyewe yanatokana na kupiga magamba yakaingia ndani ya uso. Piga mswaki kwa brashi ya waya kila unapotoa kwenye moto, sekunde mbili tu, na futa juu ya fuawe pia kwa sababu yaliyoanguka pale yanakusubiri. Kwa uso safi wa mwisho kuna wanaolowesha fuawe na nyundo kwa maji, mvuke unalipua magamba yanatoka, unasikia mlio mkubwa kidogo, miwani lazima.

Moto ukiwa umepungua nguvu ghafla huku hewa unapeleka ile ile, kuna takataka ya makaa iliyoyeyuka imeziba chini. Zima hewa dakika chache igande, itoe kwa ndoano ikiwa kipande kizima.

Msokoto haulingani

Mashikio mengi yana msokoto katikati, na malalamiko ni yale yale, upande mmoja umebana upande mwingine umelegea. Chuma kinasokoteka zaidi pale kilipo cha moto zaidi, hakuna siri nyingine. Kwa hiyo unachotafuta ni rangi moja kwa urefu wote unaotaka usokote, na ukiona kipande kimezidi kung'aa kisubiri kilingane kabla hujazungusha. Weka alama ya mwanzo na mwisho kwa panchi ya alama, chaki inaungua. Uwe na kopo la maji lenye mdomo mwembamba, ukiona sehemu imeshabana vya kutosha imwagie kidogo hapo hapo, itasimama na nyingine itaendelea.

Msokoto ukitoka umepinda unyooshe kwa nyundo ya mbao juu ya gogo ukiwa mwekundu, nyundo ya chuma inalaza kona zote na ule urembo ndo umekwisha. Na kama mlango ni wa vipande viwili vinavyofunguka, amua kabla kama mashikio yatasokotwa kuelekea upande mmoja au yatazamane, ukishasokota la kwanza andika umezungusha kulia au kushoto. Tena ni vizuri mashikio mawili uyafue pamoja hatua kwa hatua, ukimaliza moja ndo uanze la pili hayatafanana.

Skroli ina kona kona

Mviringo una sehemu bapa. Hapo ulipiga chuma kikiwa kimebanwa kati ya nyundo na fuawe. Skroli inapindwa, haipondwi. Nyundo itue mbele ya ukingo au mbele ya pembe ya fuawe, mahali ambapo chini ya chuma hakuna kitu, pigo jepesi, sogeza, pigo jepesi. Ukisikia mlio wa chuma kwa chuma umebana.

Kona kali moja peke yake ni moto mfupi, ulipasha sentimita 3 ukakunja sentimita 10, chuma kikajikunja pale penye moto tu. Na ikiwa ncha imebaki imenyooka huku nyuma imezunguka, ulichelewa kuanza ncha. Ncha ndo inakunjwa ya kwanza kabisa, ikae vizuri ndo uendelee, huwezi kurudi kuikunja ikiwa ndani ya mzunguko.

Chora umbo zima kwa chaki kwenye bati au sakafu ya saruji, ukubwa ule ule, kila ukitoa kwenye moto weka juu ya mchoro. Jicho linachoka, mchoro hauchoki. Ukikuta imefunga sana ifungue kwa uma wa kukunjia uliobanwa kwenye vaisi, usiipige kwa ndani.

Tundu limeenda upande, au panchi imenasa

Panchi ikinasa ni kwamba umeiacha ndani muda mrefu mpaka nayo ikapata moto ikavimba ncha. Mapigo matatu manne ya nguvu, itoe, iloweshe, rudi. Baada ya alama ya kwanza tia vumbi kidogo la makaa ndani ya tundu, linatoa gesi na panchi inatoka kirahisi.

Tundu kwenda upande kunasababishwa na kupiga kutoka upande mmoja mpaka kutokea. Piga mpaka usikie nyundo inadunda, kama umefika kwenye fuawe, geuza kipande, utaona doa jeusi pale chuma kilipopoa kwa kugusana na fuawe, weka panchi katikati ya hilo doa na piga juu ya tundu la fuawe kipande kidogo kidondoke chini. Ukikuta doa haliko katikati ya baa, bado una nafasi ya kurekebisha kidogo kwa kuinamisha panchi.

Kingo za baa kutuna pembeni mwa tundu sio kosa, ni kawaida na wengi wanaupenda huo umbo. Usiwahi kuzinyoosha huku tundu likiwa wazi, litakua yai. Weka panchi ndani kwanza. Ila ikituna mpaka inachanika, tundu liko karibu sana na ukingo, acha nyama angalau sawa na upana wa tundu lenyewe.

Bawaba

Hapa ndo pa kutulia, kwa sababu shikio baya linaudhi macho tu lakini bawaba mbaya inaangusha mlango.

Jicho la bawaba halifungi au limepitiliza. Hukupima. Urefu unaohitajika kuzungusha jicho ni 3.14 mara kipenyo cha ndani ukijumlisha na unene wa flati baa. Pini ya milimita 12 kwenye baa ya milimita 6, 12 na 6 ni 18, mara 3.14 ni kama milimita 57. Weka alama hapo. Wengi wanapiga hesabu ya pini peke yake wanasahau unene, ndo maana jicho linabaki na mdomo wazi.

Jicho limekua koni, upande mmoja pana mwingine jembamba. Mwisho wa baa haukukatwa mraba, au moto ulikua mkali upande mmoja. Pasha wekundu wa kutosha, pitisha panchi nene ya kupanulia kutoka upande mwembamba, gonga pembeni taratibu.

Bawaba inaingia kwenye pini lakini inakaza ukizungusha. Kabla hujapanua tundu angalia kama jicho limesimama wima na bapa la bawaba. Weka bapa kwenye fuawe, ingiza fimbo ndefu iliyonyooka kwenye jicho, pima kutoka fimbo hadi fuawe pande zote mbili. Vipimo visipolingana jicho limelala, kupanua tundu kutaficha tatizo wiki kadhaa tu. Nafasi ya nusu milimita kati ya pini na jicho inatosha, kama utapaka rangi ongeza kidogo.

Kila bawaba peke yake ni nyepesi lakini mlango ukishafungwa unakaza, au unajifungua wenyewe. Hapo bawaba hazina kosa, pini za kwenye fremu ndo haziko kwenye mstari mmoja. Ning'iniza uzi wenye uzito kutoka pini ya juu hadi ya chini, utaona yenyewe. Pini iliyopinda ipashwe na kunyooshwa ikiwa nje ya fremu, kuigonga ikiwa kwenye mbao kunapasua fremu.

Mlango unashuka upande wa kitasa. Bawaba ya juu inavutwa nje, ya chini inasukumwa ndani, ndo uzito unavyokaa. Ukiona misumari ya juu imeanza kutoka, mkono wa bawaba (lile bapa refu linalolala kwenye mlango) ni mfupi mno au umefungwa kwa misumari tu. Mimi siendi chini ya theluthi moja ya upana wa mlango, na pale karibu na jicho naweka bolti inayopita mbao hadi upande wa pili, iliyobaki ndo misumari ya urembo. Jicho likianza kufunguka lenyewe kwa uzito, flati baa ilikua nyembamba kwa huo mlango, fua nyingine nene au uchomelee mkia wa jicho kwenye mkono wake.

Komeo na riveti

Komeo halidondoki mpaka ulisukume: pini yake imekazwa mno, au ulimi ni mwepesi kuelekea ncha. Acha nyama zaidi mbele wakati wa kufua. Likidondoka vizuri kiangazi na kugoma wakati wa mvua ni mbao imevimba, kipokeo (pale ulimi unapoingia) kiwe na nafasi ya milimita 3 hivi.

Riveti (kipini kinachobana vipande kwa kugongwa kichwa) inayojikunja badala ya kufanya kichwa ni ndefu sana, kinachotakiwa kutokeza ni mara moja na nusu ya kipenyo chake. Riveti inayolegea baadaye, vipande havikubanwa pamoja kabla ya kugonga kichwa.

Rangi ya mwisho inabanduka, inanata, au kutu inarudi

Rangi inayobanduka vipande vipande imeshika magamba, haijashika chuma. Loweka kifaa kwenye siki usiku mzima, piga brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi soda, kausha haraka kwenye moto mdogo.

Nta ya nyuki ikinata, chuma kilikua baridi au umepaka nyingi. Pasha mpaka nta ikiguswa inayeyuka na kutoa moshi mwepesi, paka nyembamba, futa. Ikiwaka moto umezidisha, uso utabaki wa kijivu mkavu. Ukitumia mafuta ya kitani tandaza matambara yake yakauke au yaloweke kwenye maji, yakirundikwa yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka. Nta ni ya ndani ya nyumba, mlango wa nje unaonyeshewa mvua unataka rangi ya kuzuia kutu chini na ya kawaida juu.

Na chuma chenye mipako ya zinki usikiingize kwenye moto ukidhani itaungua iishe. Zinki inachemka kwenye digrii 907, chini kabisa ya joto la kufulia, na ule moshi mweupe unaleta homa na kubana kifua. Itoe kwa siki kwanza mpaka ule mng'ao uishe wote.

Mwisho kuna yale madoa meusi kwenye mbao kuzunguka misumari na bawaba baada ya mvua za kwanza. Watu wanadhani ni rangi mbovu. Mbao ngumu zenye tanini nyingi (kemikali ya asili iliyomo kwenye mti) zikikutana na chuma na unyevu zinatoa weusi huo, hata chuma kiwe kimefuliwa vizuri namna gani. Paka mgongo wa bawaba na ndani ya matundu kabla ya kufunga, sio uso unaoonekana peke yake, na mbao yenyewe ipate vanishi chini ya chuma.